Vijana Wakosao: Je, Hukumu Yao Ni Moja?

Tuliulizwa swali katika darsa yetu ya baina ya magharibi na isha, na aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Ni mtu mwenye duka la simu hapa mjini Mombasa. Duka lake lilivunjwa usiku, zikachukuliwa simu na fedha zilizokuwamo, na mlinzi mzee aliyekuwa ameketi barazani akakatwa mkono kwa panga. Walioshikwa ni vijana watatu. Mdogo wao ana umri wa miaka 11, naye ndiye aliyepenyezwa katika dirisha la nyuma ili awafungulie wenziwe mlango. Wa pili ana miaka 14, ni mwanafunzi, mwana wa watu wajulikanao, na hili ndilo kosa lake la kwanza kusikika. Wa tatu ana miaka 17. Panga lilikuwa mkononi mwake, wala si mara yake ya kwanza kushikwa.

Muulizaji akasema: "Shekhe, barazani kwetu watu wamekuwa mafungu mawili. Wako wasemao kwamba mwizi ni mwizi, wafungwe wote watatu mahali pamoja, na lau wangelishikwa na watu kabla ya polisi ingelikuwa bora zaidi. Na wako wasemao kwamba hawa ni watoto tu, wapewe nasaha warudi makwao. Haki iko wapi?"

Usiku ule tulimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa wakati wa isha ulikuwa umekwisha kuingia, na jawabu lile halikuturidhisha sisi wenyewe. Ndipo tukaona tuyaandike haya.

Hilo la kutamani kwamba wangelishikwa na watu hatutalirefusha. Kila mkaazi wa mji huu anajua maana yake ni mawe, na tairi, na kibiriti. Mwenye kutupa jiwe lake moja katika kundi hudhani kwamba jiwe moja haliui. Atakuja kuulizwa kwa jiwe lake.

Ama kauli mbili zile za barazani, ijapokuwa zaonekana kupingana, zina ila moja. Ya kwanza yawafanya watatu kuwa mmoja kwa sababu ya kitendo, na ya pili yawafanya watatu kuwa mmoja kwa sababu ya umri. Zote mbili zimeikimbia kazi iliyo ngumu, nayo ni kumtazama kila mmoja peke yake na kumwuliza ilikuwaje akafika pale. Asiyetaka kutazama huyo hakuhukumu; amekisia tu.

Hadithi ya kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi na wengineo, kila mtu anaijua na kila mtu huitumia apendavyo. Mafakihi hawakuichukua kuwa ruhusa ya kufumba macho. Walisema kwamba kalamu ya madhambi imeinuliwa, lakini mali ya watu haikuwa halali kwa kuwa aliyeiharibu ni mdogo. Mtoto akivunja kitu cha mtu hulipwa katika mali yake mtoto, na walii wake ndiye atoaye kwa niaba yake. Kisha waliugawa utoto wenyewe. Yuko asiyepambanua, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni wa chini ya miaka 7, naye haadhibiwi kwa lolote. Na yuko mwenye kupambanua ambaye bado hajabaleghe. Huyu hasimamishiwi haddi wala kisasi, bali hutiwa adabu, na adabu hiyo ni ya kumlea, si ya kumlipiza.

Juu ya mpaka wa kubaleghe vilevile walikhitilafiana. Asiyedhihirikiwa na alama za mwili, Imamu Shafi amemwekea miaka 15 ya mwezi, na Imamu Abu Hanifa miaka 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke. Hoja ya Mashafii ni khabari ya Abdallah bin Umar. Alihudhurishwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud naye ana miaka 14, akarudishwa, akahudhurishwa siku ya Khandaki naye ana miaka 15, akakubaliwa. Umar bin Abdulaziz aliposikia khabari hii katika ukhalifa wake aliifanya kuwa ndiyo mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Tafakari, ewe msomaji. Mwaka mmoja tu, na kijana ni yule yule, ushujaa wake ni ule ule. Lakini mwaka huo ulitazamwa.

Na sheria ya nchi yetu nayo imeanza kutazama, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya Adhabu iliyotokana na Waingereza ilianza kumhesabu mtoto kuwa na dhima ya jinai tangu umri wa miaka 8, ila kwa mwenye chini ya 12 ilitakiwa kwanza ithibitishwe kwamba alijua atendalo ni baya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeupandisha mpaka huo hadi miaka 12, na aliye baina ya 12 na 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo wa kupambanua mpaka ithibitike kinyume chake. Katiba ya mwaka 2010 nayo imesema katika kifungu cha 53 kwamba mtoto asizuiliwe ila ikiwa hapana njia nyingine, na kwa muda mfupi kabisa uwezekanao, na asichanganywe na watu wazima. Hatusemi kwamba sheria hizi ni sheria yetu ya dini. Mambo ya jinai hayaendi kwa Kadhi katika nchi hii. Lakini mwenye kujua fiqhi hatazisoma akaziona ngeni.

Basi natumtazame mdogo.

Mtume (S.A.W.) aliletewa mtoto wa Kighifari, aitwaye Rafi bin Amr, ambaye alikuwa akiipiga mawe mitende ya Maansari. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa ni kwa nini afanya hivyo. Akajibu kwamba ataka kula. Akakatazwa kurusha mawe, akaruhusiwa kula zilizoanguka chini, akapapaswa kichwa, akaombewa ashibe. Twaomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Mitende ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wamekuja kushitaki. Haki yao haikudharauliwa, kwani mtoto alikatazwa. Lakini kukatazwa kulikuja baada ya kuulizwa, na pamoja na kukatazwa alipewa njia ya kupata kile alichokitafuta. Ni mara ngapi sisi humkataza mtoto na kumwacha na njaa ile ile?

Tulikwenda kuuliza juu ya huyu wa miaka 11. Baba yake hajulikani aliko, mama yake alifariki, naye akaa kwa nyanya yake ambaye macho yake hayaoni tena vizuri. Mchana hubeba mizigo sokoni Kongowea. Tukauliza kama alipata kusoma chuoni, tukaambiwa ndiyo, na jina lake limo katika daftari; limepigwa mstari kwa kuwa ada ya miezi mitatu haikulipwa. Chuo hicho hatukitaji, na sisi tu miongoni mwa waliokuwa wakihudhuria mikutano yake. Hakuna aliyetoka kumwuliza nyanya yake kwa nini mtoto haji. Aliyemwuliza ni yule mwenye panga, ambaye alimwambia kwamba umbo lake dogo lina manufaa.

Kwa sheria ya nchi mtoto huyu hana shitaka la kujibu. Ni mtoto mwenye kuhitaji matunzo na himaya, na wa kumshughulikia ni afisa wa watoto. Na kwa fiqhi tutasema zaidi kuliko hilo. Mafakihi wamezungumza juu ya mkubwa amtumaye mtoto asiyepambanua kufanya jinai, wakasema kwamba mtoto huyo ni kama chombo tu, na dhima ni ya aliyemtuma. Wetu huyu anapambanua, kwa hivyo hatumwiti chombo mtupu, na adabu ya kumlea inampasa. Lakini aliyenunua simu zile usiku ule ule, akazilipa kwa bei ya karanga, ni mtu mzima mwenye ndevu. Yeye hakushikwa. Wala barazani hakutajwa, si na fungu la kwanza wala na la pili.

Imamu Malik ameipokea katika Muwatta khabari ya watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa walioiba ngamia wa mtu wa Muzaina wakamchinja. Sayyidna Umar alikuwa amekwisha kuamrisha adhabu, kisha akamgeukia Hatib, akamwambia kwamba amwona huwashindisha na njaa, akamtoza yeye Hatib thamani ya ngamia mara mbili. Hukumu ilihama kutoka kwa mwenye mkono ulioiba ikaenda kwa mwenye nyumba iliyoleta njaa. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la zamani na la watumwa. Sisi twauliza: mtoto wa miaka 11 abebaye magunia sokoni hali mji mzima ukimwona, je, yeye anamilikiwa na nani?

Sasa wa pili, na kwa huyu ndipo tulipoona mambo yaliyotuhuzunisha. Siku ya tatu baada ya kushikwa, ami yake alimfikia muulizaji wetu dukani na bahasha. Akamwambia: "Chukua hiki, mambo ya mwanetu yaishe. Wale wengine wawili fanya nao upendavyo." Na tumesikia kwamba bahasha nyingine ilikuwa njiani kwenda mahali pengine. Muulizaji aliikataa ya kwake, Mungu amjaze kheri, na ndiyo sababu ya yeye kuja kutuuliza. Kwani baada ya kuikataa aliingiwa na shaka, akajiambia huenda amewadhulumu watu waliotaka sulhu.

Hakuwadhulumu. Ile haikuwa sulhu. Alipoiba mwanamke wa Bani Makhzumu, watu wa kabila lake walimtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), aende akamwombee. Mtume alikasirika, akawakumbusha kwamba umma zilizotangulia ziliangamia kwa sababu hii: akiiba mtukufu wao walimwacha, na akiiba mnyonge wao walimwadhibu. Sisi twasema kwamba vijana hawa ni aina mbalimbali na hukumu yao yapasa iwe mbalimbali, na mwenye bahasha naye asema maneno hayo hayo. Ndipo ilipo khatari ya kauli yetu, na lazima tuiseme wazi. Tofauti ipimwe kwa mtoto, si kwa baba yake. Umri ni tofauti. Akili ni tofauti. Aliyebeba panga na aliyekuwa mlangoni akitetemeka ni tofauti. Jina la ukoo si tofauti.

Ukiondoa bahasha, kijana huyu wa miaka 14 anastahiki nini? Ikiwa amekwisha kuota amebaleghe, na ameandikiwa dhambi yake. Lakini Kurani katika Suratun Nisaa, ilipozungumza juu ya mali ya mayatima, haikutosheka na kubaleghe. Iliamrisha wajaribiwe mpaka uonekane kwao uongofu wa akili, na hapo ndipo wapewe mali yao. Mwili hutangulia, na akili hufuata nyuma kwa miaka. Hatudai kwamba rushdi ni sharti ya dhima. Mafakihi hawakusema hivyo, na hatutawasingizia. Twasema kwamba adhabu ya taazira imeachiwa hakimu aipime, na hakimu apimaye taazira ya kijana asiyeweza hata kukabidhiwa fedha zake mwenyewe, akaipima kama ya mtu wa miaka 40, mizani yake ina walakini.

Na katika elimu za siku hizi liko jambo ambalo wazazi wote yafaa walijue. Mwanachuoni wa Kimarekani aitwaye Terrie Moffitt aliandika mwaka 1993 kwamba vijana wakosao ni namna mbili zisizofanana. Walio wengi huanza kukosa katika ujana, hufuata wenzao, na huacha wenyewe wanapokuwa watu wazima. Wachache ni wale ambao ubaya wao ulianza tangu utoto mdogo na huendelea nao. Alikuwa akishughulika na uchunguzi wa watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mji wa Dunedin, huko Nyuzilandi, mwaka 1972 na 1973, waliofuatwa tangu kuzaliwa. Hata hivyo ugumu uko hapa: wakiwa na miaka 15 makundi hayo mawili hufanana mno kwa vitendo. Ukiwatazama jinsi walivyo siku ile tu huwezi kujua yupi ni yupi. Huna budi kuuliza habari zao za nyuma.

Basi ikiwa aghlabu ya wenye kosa la kwanza wataacha, jambo baya kabisa uwezalo kumfanyia kijana kama huyu ni kumfungia asiache. Nako hutokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumweka pamoja na waliobobea. Ataingia ajua kusimama mlangoni na atatoka ajua kuvunja kufuli. Ya pili ni jina. Sheria ya Watoto imekataza hata maneno ya kuhukumiwa kuwa na hatia na kupewa kifungo yasitumiwe kwa mtoto, na wako wanaolicheka jambo hilo wakiliona ni kubembeleza. Wasomao Suratul Hujurat hawatalicheka, kwani wamekatazwa kuitana kwa majina mabaya. Mtoto aitwaye mwizi na mtaa mzima asubuhi na jioni hana kazi nyingine atakayopewa isipokuwa ile ya jina lake.

Iliyo ya haki kwake ni kwamba akiri alilolitenda kwa ulimi wake, mbele ya mwenye duka na mbele ya mlinzi. Alipe sehemu yake kwa kazi ya mikono yake, si kwa bahasha ya ami yake. Na awe chini ya uangalizi kwa muda. Sheria ya mwaka 2022 imeweka njia ya namna hii ya kumwepusha mtoto na mahakama, na mojawapo ya sura zake ni mkutano wa jamaa. Nyuzilandi, ile ile tuliyoitaja, waliuweka mkutano wa namna hii katika sheria yao mwaka 1989, wakiufuata mwendo wa wenyeji wao Wamaori. Sisi watu wa pwani tulikuwa na baraza za wazee kabla hatujaambiwa na mtu. Mtu aweza kuuliza kwa nini twaziacha mpaka zirudi kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza.

Lakini sulhu ina sharti zake, na tumeona ikichezewa. Kuna makosa, khasa ya kuingiliwa watoto, ambayo wazee huketi wakayamaliza kwa mbuzi na sahani ya wali, na aliyedhulumiwa hakuulizwa. Hiyo si sulhu, na aliyeiandalia kikao ana sehemu yake katika dhuluma ile.

Imebaki wa tatu.

Kwa huyu, wale wenye huruma hunyamaza, na hatupendi kunyamaza. Ana miaka 17. Kwa madhehebu yetu ni baleghe, na kalamu yaandika. Aliinua panga juu ya mzee mwenye umri wa babu yake, mzee ambaye alikuwa na firimbi tu. Mlinzi huyo ana haki, na haki yake haipungui kwa sababu aliyemkata hajafika miaka 18. Watu wa Kisauni na Likoni waliokumbwa na makundi ya vijana wenye mapanga wanaijua khofu ya kurudi nyumbani baada ya isha, na kuwaambia wasubiri kwa kuwa waliowakata ni wadogo ni kuwadhulumu mara ya pili. Fidia ya jeraha ni deni. Na kuzuiliwa kwake, asiwafikie watu na silaha, ni jambo la lazima.

Sheria ya nchi bado humhesabu kuwa mtoto. Hawezi kuhukumiwa kifo wala kupelekwa jela ya watu wazima, na kwa umri wake njia iliyo nzito ni Borstal, ambako hupelekwa wenye miaka 15 hadi 17 kwa muda usiozidi miaka mitatu. Zipo Shimo la Tewa hapa kwetu, na Shikusa upande wa Kakamega, na Kamae kwa wasichana. (Jina lenyewe ni la kijiji cha Kent, Uingereza, ambako mpango huo ulianza mwaka 1902. Waingereza waliufuta kwa sheria ya mwaka 1982. Sisi tumebaki na jina lao.) Je, hapa sheria inapingana na fiqhi? Hatuoni hivyo. Taazira ni mlango ambao mtawala ana ruhusa ya kuupunguza kwa maslahi, na Imamu Abu Hanifa, kama tulivyotaja, aliufikisha mpaka wa asiye na alama hadi miaka 18. Lisilopunguzwa na mtu ni haki ya mlinzi.

Alipoulizwa habari zake za nyuma tuliambiwa jambo ambalo tunalieleza kwa haya. Alipokuwa na miaka 12 alishikwa akiiba viatu msikitini. Watu wa msikiti walimpiga, kisha wakampeleka kituoni, akawekwa siku nyingi pamoja na watu wazima. Aliporudi, kwa maneno ya jirani yake, alirudi mtu mwingine. Hatusemi kwamba waliomtoa ndio waliomkata mlinzi. Kila mtu na mkono wake. Lakini pale msikitini alikuwapo mtoto wa umri wa yule mwenye kupenyezwa dirishani, na walikuwapo watu waliosoma khabari ya mitende ya Maansari, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini.

Ndugu wa Yusuf walikuwa kundi, na wote walifanya jinai moja. Juu ya hayo Kurani yatueleza kwamba mmoja wao aliwazuia wasiue, akasema atupwe kisimani. Ubaya ule ulikuwa na daraja ndani yake, nazo zimehifadhiwa zisomwe mpaka Kiyama. Na mwisho wa kisa, msamaha wa Yusuf ulikuja baada ya wao kukiri kwamba walikuwa wenye kukosa. Huyu wa tatu bado hajakiri. Amemwambia afisa kwamba mzee alijikata mwenyewe. Kwa hali hiyo hatuwezi kumwombea yale tunayomwombea wa pili, na akitakiwa msamaha leo msamaha hauna pa kukaa. Twamwombea azuiliwe mahali penye mwalimu na kazi, mbali na watu wazima na mbali na wadogo kuliko yeye, atembelewe, na mlango wa kukiri usifungwe kwa kumwambia kwamba hana tena njia. Miaka mitatu si mingi. Atatoka akiwa na miaka 20, na atarudi katika mitaa hii hii, wala hapana mwingine atakayempokea ila sisi au wale wenye mapanga.

Iko aina nyingine ambayo haikuwamo katika kisa cha duka, nao ni waibao kwa ajili ya unga. Kwa hao twasema kidogo tu: mwenye maradhi hupelekwa kwa tabibu. Dawa ya methadoni imeletwa Malindi na Kisauni, na wazazi wanaomficha kijana wao ndani kwa kuogopa aibu wajue kwamba aibu ya kuonekana katika mlolongo wa dawa ni nyepesi kuliko ya kuitwa chumba cha maiti.

Muulizaji wetu alirudi wiki iliyofuata akatuuliza: "Na mlango wangu, Shekhe, nani ataulipa?" Hakuwa akifanya mzaha. Tukamwambia kwamba ana haki ya kuudai: sehemu kwa kijana wa pili kwa kazi yake, sehemu kwa wa tatu na walii wake, na kwamba asichoke kuwakumbusha polisi juu ya yule aliyenunua simu, kwani yeye ndiye mwenye pesa. Ama sehemu ya mdogo, ambaye hana mali wala walii mwenye mali, darsa yetu imejikalifisha nayo, pamoja na ada ya ile miezi mitatu.

Mkutano wa jamaa kwa ajili ya kijana wa pili ulifanyika siku ya Jumamosi baada ya alasiri, afisa wa watoto akihudhuria. Ami alikuja amevaa kanzu nzuri, akatafuta kiti cha mbele, akaambiwa kwamba viti vya mbele vina wenyewe. Mlinzi alifika na mkono wake umefungwa, akataka kuketi chini karibu na mlango kama ilivyo desturi yake. Akaombwa asogee mbele. Wa kwanza kupewa nafasi ya kusema alikuwa yeye.